Twende Lamu Wakati wa Masika

Wahenga walinena, tembea uone. Lakini hawakutuambia tutembee mwezi gani. Ndiyo sababu kila mara chama chetu cha Kiswahili kikizungumzia safari ya Pwani, ubishi huwa ni ule ule. Wengi husema twende Agosti au Desemba, tuogelee na kupiga picha. Ukitaja Aprili utachekwa. "Aprili ni masika, utaenda kuona nini? Matope?" Ndugu msomaji, mimi nimeyaona hayo matope, na leo nataka kuyatetea.

Aprili 2025, nikiwa kidato cha pili, mimi na mama tulienda Lamu kumtembelea mjomba, ambaye ni bawabu katika nyumba moja ya wageni. Hatukuchagua mwezi. Wakati wa masika wageni hupungua na vyumba hukaa bure, basi mwenye nyumba alimruhusu mjomba atulaze katika kimoja. Kama ingekuwa Desemba, chumba hicho kingekuwa na mtalii na sisi tungekuwa hapa Kanamkemer tukiota jua. Kwa hivyo maskini wenzangu, jueni hilo kwanza: masika ndio msimu wetu.

Safari ilikuwa ndefu. Lodwar hadi Kitale, Nairobi, Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe ambapo barabara huisha na boti huanza. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Mama hakuwa amewahi kupanda boti. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza na mawimbi yalikuwa yanaturushia maji. Mama alifumba macho akawa anamwita Akuj mpaka tukafika ng'ambo.

Usiku wa pili mvua ilikuja. Sisi wanafunzi tumeandika insha nyingi za mvua. "Mawingu mazito yalitanda angani" tumeikariri tangu shule ya msingi, hata wale ambao walikuwa hawajaona mawingu mwezi mzima. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka. Lamu hupata kama 900, na nyingi huanguka kati ya Aprili na Juni. Enyewe ile niliyoiona haikuwa ya insha. Haikuja kwa hasira ikaondoka. Ilinyesha, ikapumzika, ikanyesha tena mpaka asubuhi.

Mimi nilifanya kama tunavyofanya kwetu, nikakimbia nje nilowe. Lakini majirani walikuwa wanakimbilia ndoo. Kila mwenye paa aliweka kitu chini yake: sufuria, beseni, pipa, hata birika la chai. Bibi mmoja jirani aliniona nimesimama na mikono mitupu akacheka. Akaniuliza, "Kwenu hakuna mvua, mwanangu?" Nikamjibu, "Iko bibi, lakini sisi huitazama ikipita." Akanipa ndoo. "Mai haya hayatupwi," akaniambia. Watu wa Lamu maji huyaita mai.

Jibu langu mwenyewe lilinikosesha usingizi. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa mvua ikinyesha huitwa Ekiru, wa kike Akiru, nami ni mmoja wao. Tunaipenda mvua mpaka tunawapa watoto jina lake. Lakini ikija, tunafanya nini nayo? Laga hujaa, barabara hufungwa, magari hungoja ng'ambo. Mwaka mmoja maji yalibeba mbuzi wetu saba mbele ya macho yetu. Wiki mbili baadaye mama alikuwa amerudi kwenye laga ile ile, anachimba mchanga kutafuta maji ya kunywa.

Sitaki kuwadanganya. Wale wanaokataa masika wana haki yao. Vichochoro vya mji ni vyembamba, na mvua ikichanganyika na mavi ya punda, viatu vyeupe usivae. Nguo hazikauki. Nilipata homa siku mbili. Tulitamani kuvuka hadi kisiwa cha Manda kuona Takwa, mji wa kale uliohamwa katika karne ya 17, lakini mjomba alikataa kwa sababu ya bahari. Mashua nyingi zilikuwa zimevutwa pwani, mafundi wakizitia kalafati. Chama kikienda, lazima tuulize kwanza habari za barabara ya Garsen, maana Tana ikifurika hupita juu yake, na asipande boti mtu asiyevaa jaketi ya kuelea.

Lakini kile nilichokwenda kuona bila kujua, kilikuwa Shela. Mvua ilipoanuka tulitembea kwa miguu kama kilomita tatu kufuata pwani, tukafika kwenye vilima vya mchanga. Nilishangaa. Nimetoka kwenye mchanga Turkana nije kuonyeshwa mchanga kisiwani? Mjomba akaniambia, "Hili ndilo tangi la Lamu." Mvua ikianguka juu ya vilima vile haitiririki, inazama. Kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu ya maji ya chumvi huko chini, na visima vya mji hunywa hapo. Ukiyachota kwa pupa, chumvi hupanda. Ndiyo sababu watu wa Lamu wameteta kwa miaka mingi vilima hivyo visijengwe majumba.

Nikakumbuka laga yetu. Kumbe mama anapochimba huwa anafungua tangi! Nilipokuwa darasa la tatu, shimo lake lilikuwa linamfika magotini. Sasa akiingia namwona mabega tu. Na mchanga wenyewe, ambao ndio unaoficha maji yasinyonywe na jua, unachukuliwa na malori kila siku kwenda kujenga. Sisi tunasimama kando tunapungia dereva mkono. Mwaka 2013 wazee wetu walitangaziwa hazina kubwa ya maji chini ya Lotikipi. Yalipopimwa baadaye yakapatikana na chumvi isiyonyweka. Basi tusingoje miujiza ya chini ya ardhi huku ya juu yanatupita.

Hoja yangu ni hii. Ukienda kisiwani jua likiwaka, utaona bahari na utapiga picha. Mji umejipamba kwa ajili yako. Ukienda wakati wa masika, unawakuta watu wakiishi, wanavyohofia na wanavyoweka akiba. Bahari nzima imewazunguka, lakini wanakinga tone kwa ndoo. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Sisi watu wa Turkana tunaielewa methali hiyo kuliko kabila lolote, ila hatuifanyii kazi.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Kwanza, chama kikipata pesa za safari, kiende Aprili wakati wa likizo, vyumba vikiwa rahisi. Tukae wachache, tukae siku nyingi. Pili, na hili halihitaji nauli: tazameni paa za madarasa yetu. Ni mabati marefu kama treni, na hayana mifereji ya kukinga maji. Mvua ikinyesha saa moja tu, maji yote huchimba mashimo uwanjani, na kesho yake tunakuja shule na chupa kutoka nyumbani. Mifereji na tangi moja tuanze nazo kabla ya mvua zijazo. Mimi niko tayari kuchanga pesa yangu ya mandazi ya muhula mzima.

Mama aliporudi hakusimulia bahari hata kidogo. Alitafuta beseni la zamani lililokuwa limetupwa nyuma ya nyumba, akaliziba tundu, akaliweka chini ya ukingo wa paa. Mpaka leo liko hapo, linangoja. Nami naliangalia kila asubuhi nikitoka kuja shule.