Kabla hujatia saini, mwulize mratibu

Mzazi mwenzangu, hapa Kasulu na Kibondo ukitaja neno "utafiti" kliniki, hukosi kusikia mama akinong'ona: "Hao wanataka damu ya mtoto." Hofu hiyo si ya kubezwa. Ila yupo mtu ambaye kazi yake ni kuijibu: mratibu wa utafiti.

Mara nyingi ni muuguzi au tabibu. Mtafiti mkuu unaweza usimwone kabisa, lakini mratibu utamwona kila mnapoitwa. Ndiye anayekueleza fomu ya ridhaa, anayekupangia tarehe za kurudi, na anayeandika kila homa na kila upele wa mwanao.

Uandishi huo una uzito. Mwaka 2009 lilianza jaribio kubwa la chanjo ya malaria, RTS,S, kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Vituo viwili vilikuwa Tanzania: Bagamoyo na Korogwe. Wengine walipewa chanjo hiyo, wengine chanjo ya ugonjwa tofauti, ili walinganishwe. Kwa walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, malaria ilipungua kwa takriban asilimia 36. Lakini kumbukumbu zilionyesha pia kwamba homa ya uti wa mgongo ilijitokeza zaidi kwa waliochanjwa. Halikufichwa. Kuanzia 2019 suala hilo lilifuatiliwa Ghana, Kenya na Malawi, na chanjo haikuonekana kuwa chanzo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Je, kama mratibu angekuwa mvivu wa kuandika?

Nasi tunahusika. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2017, Kigoma iliongoza kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano: karibu mmoja kati ya wanne.

Basi ukiombwa kumshirikisha mwanao, uliza. Je, NIMR imeidhinisha? Kama ni dawa au chanjo mpya, TMDA je? Mtoto akidhurika, nani atamtibu na kwa gharama ya nani? Nikijitoa kesho, huduma za kliniki zitaendelea? Usiku nimpigie nani? Kama Kiswahili cha fomu ni kigumu, omba uelezwe kwa Kiha. Ichukue nyumbani, mzungumze na mwenzako. Saini si deni. Unaweza kujitoa siku yoyote.

Nawe una wajibu wako. Ulimpa mtoto mitishamba? Ulisahau dozi? Sema. Mratibu hakuulizi ili akugombeze. Ukimficha, unaweza kumponza mwanao na watoto wa wenzako.

Mratibu wa kweli hakimbilii saini. Akikuharakisha, mrudishie kalamu yake.