Mwaka Usiotajwa

Wako waifundishao historia ya Marekani kama mtu apandaye ngazi: kila mwaka mkubwa ni kipago, na kila kipago ki juu ya kilichotangulia. Mwaka 1776 ni uhuru. 1863 ni ukombozi wa watumwa. 1965 ni haki ya kura. Mwanafunzi aliyeikariri miaka hiyo husifiwa kuwa mjuzi. Kwa kweli amejua sikukuu. Historia bado hajaigusa.

Tangazo la Abraham Lincoln la tarehe 1 Januari, 1863, lilihusu sehemu zilizoasi. Watumwa wa Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, majimbo yaliyobaki katika Muungano, halikuwagusa. Utumwa ulikatazwa nchini kote, isipokuwa kama adhabu ya jinai, kwa Badiliko la 13 la Katiba, Desemba 1865. Badiliko la 14, mwaka 1868, lilithibitisha uraia wa watu weusi. La 15, mwaka 1870, likakataza mtu kunyimwa kura kwa rangi yake. Mwaka huo huo Hiram Revels, mtu mweusi, aliketi katika Seneti kwa niaba ya Mississippi.

Hapo ngazi ilivunjika. Uchaguzi wa mwaka 1876 baina ya Rutherford Hayes na Samuel Tilden ulizusha ugomvi mkubwa juu ya kura za Florida, Louisiana na South Carolina. Hayes alipata urais, na Aprili 1877 askari waliokuwa wakizilinda serikali za Columbia na New Orleans walirudishwa kambini. Katiba haikufutwa hata herufi moja. Aliyeondoka ni mlinzi wake. Mwaka 1890 Mississippi iliweka kodi ya kupigia kura na mtihani wa kusoma. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Plessy, ilihalalisha kutenga watu kwa rangi. George White alipotoka Bungeni mwaka 1901, ilipita miaka 28 bila mbunge mweusi hata mmoja, mpaka Oscar De Priest wa Chicago.

Watetezi wa ngazi husema kuwa huko kulikuwa kuchelewa tu, na kwamba mwaka 1965 ulilipa deni. Hoja hii ni nyepesi kama pumba. Aliyezaliwa mwaka 1877 alikuwa na umri wa miaka 88 Sheria ya Haki ya Kura ilipotiwa sahihi. Wengi wa rika lake walilipwa kaburini. Tena wanazuoni hawakukosa lawama. William Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia na wanafunzi wake waliandika kana kwamba kuwapa watu weusi kura lilikuwa kosa, W. E. B. Du Bois alipowajibu kwa kitabu kizima mwaka 1935, wengi wa wanahistoria walimpa kisogo kwa miaka mingi.

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Shelby, ilitangua kanuni iliyoamua majimbo yapi yaombe kibali kabla ya kubadili sheria zao za kura. Sheria ya 1965 ilibaki kitabuni. Mlinzi wake mmoja aliondoka. Aliyefundishwa ngazi alistaajabu. Aliyefundishwa mwaka 1877 aliutambua mwendo huo.

Basi mtihani usiishie kuuliza sheria ilipitishwa lini. Uulize nani aliilinda, kwa muda gani, na nani alifaidika mlinzi alipoondoka.