ALIYEPIGA MBIU ASIADHIBIWE

Katika Novemba 2021 wataalamu wa Botswana na wa Afrika ya Kusini waliutendea ulimwengu wema mkubwa, na malipo waliyoyapata yalikuwa kufungiwa milango. Twalirudia jambo hili leo kwa sababu hatuamini kwamba wakubwa wa dunia wamejifunza lolote.

Kirusi cha korona kina maandishi yake ya asili, yaitwayo jenomu, yenye herufi karibu 30,000. Kinapoongezeka hujinakili, na katika kunakili hukosea hapa na pale. Makosa mengi hayana madhara. Machache hukipa nguvu mpya ya kuambukiza au ya kuipenya kinga. Macho ya daktari hayawezi kuyatambua. Sharti yasomwe maabarani, herufi kwa herufi. Kazi hiyo ndiyo waliyoifanya Sikhulile Moyo na wenzake huko Gaborone, na maabara za Afrika ya Kusini chini ya uongozi wa Tulio de Oliveira. Wakaona kirusi chenye mabadiliko zaidi ya 30 katika ile miiba ambayo hujishikiza nayo mwilini. Hawakuficha. Tarehe 24 Novemba Afrika ya Kusini ililiarifu Shirika la Afya Duniani.

Je, walishukuriwa? Jioni ya siku ya pili yake Uingereza ilitangaza kuzifungia safari nchi sita za kusini mwa Afrika, kabla kirusi hicho hakijapewa hata jina la Omikroni. Marekani ikafunga nchi nane kuanzia tarehe 29. Lakini raia wake wenyewe waliruhusiwa kurudi kutoka huko huko, kana kwamba kirusi hutazama pasipoti kabla ya kupanda ndege! Kisha Uholanzi ikatangaza kwamba Omikroni ilionekana katika vipimo vilivyochukuliwa kwake tarehe 19 na 23, yaani kabla ya mbiu kupigwa. Mgeni alikwisha kuingia ndani, na wenye nyumba wakamfungia jirani.

Aliyeumia ni nani? Ni mpishi, dereva na mtandika vitanda wa hoteli, waliokuwa wakitazamia wageni wa Desemba. Uingereza ilifuta amri yake tarehe 15 Desemba, na Marekani tarehe 31, lakini mishahara iliyopotea haikurudi.

Maabara nazo zilitishika, maana kemikali za kusomea jenomu zilikuwa zikija kwa ndege kutoka ng'ambo, na wataalamu walionya kwamba zingewaishia. Hapa Waafrika tunayo lawama yetu wenyewe. Ujuzi tunao, na hata maabara ya Kilifi, Kenya, ilisoma jenomu za korona. Lakini chupa tunangojea kwa wengine.

Mkataba wa dunia juu ya maradhi ya mlipuko ulipitishwa Geneva Mei 2025, na sehemu ihusuyo kugawana vimelea, pamoja na chanjo na dawa zitokanazo navyo, ikaachwa ijadiliwe baadaye. Kila mjumbe wa Afrika aketiye katika mazungumzo ya namna hiyo hana budi kudai iandikwe waziwazi kwamba nchi itoayo taarifa upesi haitaadhibiwa kwa taarifa hiyo, na kwamba kemikali na chanjo zitaifikia bila kuchelewa. La sivyo, mtaalamu atakayeziona tena herufi zimebadilika ataitwa na waziri wa utalii kabla hajaitwa na waziri wa afya.