Entebbe kwa Baiskeli, Bila Haraka

Wako askari wengi katika nchi hii waliofika Entebbe mara kumi na ambao hawajaiona hata mara moja. Tangu Machi 2007, vikosi vyetu vilipoanza kwenda Somalia, maelfu ya vijana wamepelekwa kwa malori hadi kwenye lami ya uwanja wa ndege, wakapanda ndege wakaenda zao. Na wale waliojaliwa kurudi walipokewa na lori jingine, turubai likafungwa, safari ikawa ya moja kwa moja hadi kambini. Polisi naye huijua barabara ya Entebbe kuwa ni mahali pa kusimama tangu alfajiri, mgongo wake ukielekea ziwani, akingojea wakubwa wapite. Ukimwuliza mmoja wao Entebbe ni mji wa namna gani, atakutajia vizuizi vya barabarani kwa mpangilio wake.

Twaandika leo kuwashauri ndugu hao wautumie muda wa likizo, japo siku moja tu, kuizunguka rasi hiyo kwa baiskeli, polepole, bila saa ya kufika. Twajua watakaocheka. Watasema kwamba askari ametembea vya kutosha, na kwamba baiskeli ni chombo cha mwuza maziwa na mchukuzi wa ndizi. Hilo la pili ni kweli, nasi hatuoni aibu yake iko wapi. Boda boda, ambayo siku hizi ni pikipiki, ilianza kwa baiskeli mpakani Busia katika miaka ya 1960, ikivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya.

Wala baiskeli si ngeni jeshini. Uswisi iliunda vikosi vya wapanda baiskeli mwaka 1891 na haikuvivunja mpaka mwaka 2003. Wajapani waliishuka rasi nzima ya Malaya kwa baiskeli, kuanzia Desemba 1941, na matairi yalipopasuka waliendelea kwa vyuma vitupu. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ikasalimu amri. Hao walikuwa na haraka. Safari tunayoisema sisi ni kinyume cha ile.

Nchi yetu haina bahari, lakini ina ziwa ambalo jicho halioni ng'ambo yake. Entebbe ni ulimi wa nchi ulioingia katika ziwa hilo, Nalubaale kwa jina la wenyeji, Viktoria kwa jina la ramani. Ni mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hivyo ijapokuwa Ikweta i karibu sana, upepo wa asubuhi humfanya mtu atamani koti. Jina lenyewe latokana na neno la Kiganda entebe, maana yake kiti. Waingereza waliofika mwaka 1893 walipaita Port Alice, wakapafanya makao ya serikali yao mpaka uhuru wa mwaka 1962. Jina lao halikudumu, kiti kimedumu.

Barabara kuu mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 haipokei baiskeli, na kwa safari hii ni heri. Barabara ya zamani nayo, kutoka Kampala kupitia Kajjansi na Kisubi, ina magari mengi mno. Anayetoka mjini na apakie baiskeli yake garini, aanzie Abaita Ababiri kabla jua halijapanda. Kutoka hapo ziwa huonekana na kupotea kati ya miti, mara kushoto, mara kulia, kwa kuwa nchi ni nyembamba.

Pa kwanza kusimama ni bustani ya mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898. Humo ndimo mimea ya kigeni, kama vile mpira na kakao, ilimojaribiwa kabla ya kupelekwa mashambani. Yafaa mtu ashuke aisukume baiskeli. Mbega weupe kwa weusi hukaa juu ya matawi wakimtazama mgeni bila hofu, na bustani yateremka mpaka majini. Mwandishi wa maneno haya alifundishwa katika shule ya maofisa kwamba ukikiona kilima, jiulize rashasha itakaa wapi na adui atatokea upande gani. Ni mafunzo mema, yameokoa roho za watu. Lakini ilimchukua nusu saa, akiwa ameketi chini ya mti mmoja mkubwa, kuacha kuupima mteremko ule kwa macho ya vita na kuona kwamba ni majani tu, na maji, na tai mla samaki aliyetulia juu ya gogo. Askari aliyerudi kutoka Mogadishu atafahamu tunachosema.

Mbele kidogo ni kituo cha wanyama, kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima. Wenye watoto wasikipite. Kisha njia yapita Kitoro na kuuzunguka uwanja wa ndege. Ndani ya eneo hilo, mahali ambapo baiskeli haifiki, ndipo usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 askari wa Israeli waliposhuka kuwaokoa mateka wa ndege ya Ufaransa. Mengi yameandikwa juu ya mateka na waokoaji. Askari wa Uganda waliokufa usiku ule hawakuiteka ndege ile wala hawakuulizwa maoni yao, walikuwa zamu. Tukipita karibu na hapo, tuwakumbuke.

Mwisho wa nchi ni Kigungu, ambako tarehe 17 Februari 1879 Padri Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alishuka mtumbwini pamoja na Bradha Amans, wakitokea kusini mwa ziwa. Pana kanisa na mahali pa kupumzikia. Pana pia wavuvi, na hapo ndipo safari hii inapotuhusu zaidi ya mandhari.

Tangu mwaka 2017, wanajeshi walipopelekwa ziwani kuzuia uvuvi haramu, wavuvi wengi wamemjua askari kwa sura moja: anakuja kwa boti yenye nguvu, na anapofika kuna kitakachochukuliwa. Siku hiyo mwandishi alikuwa amevaa kiraia, na mnyororo wa baiskeli yake ulikuwa umetoka. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliacha kazi yake, akauinua mgongo wa baiskeli, mnyororo ukarudishwa, mikono ya wote wawili ikawa na grisi. Wakaongea bei ya petroli, sangara waliopungua, mukene waliokauka vizuri wiki ile, na mafuriko ya mwaka 2020 yaliyozifunika fuo nyingi za Entebbe. Baada ya saa nzima mzee akauliza, "Mwanangu, wafanya kazi gani?" Akajibiwa, "Mzee, mimi ni mwanajeshi." Alinyamaza kwa muda. Kisha akasogeza kreti ya samaki, akaigeuza juu chini ili mgeni akae vizuri, akamsimulia habari ya mtumbwi wake uliochomwa moto. Hakupandisha sauti.

Sheria ya uvuvi twaijua, na nyavu haramu hatuzitetei. Ziwa likiisha samaki, mzee yule ndiye wa kwanza kulala njaa. Lakini habari aliyoisimulia haijapata kufika katika ripoti yoyote iliyopita mezani petu, na wala isingesimuliwa kwa mtu aliyeshuka kutoka kwenye gari la kijani. Ilisimuliwa kwa mtu aliyekwama na mnyororo.

Liko jingine, na hili latuuma. Wakati wa kurudi, karibu na Abaita Ababiri, gari moja la serikali lilitokea nyuma likiwasha taa na kupiga honi, na badala ya kungoja, likapita ubavuni kwa nafasi isiyotosha sahani. Mpanda baiskeli akaishia mtaroni, kiganja kikachunika. Waliokuwa nyuma ya gari walicheka, nao walivaa sare. Tumekwisha kaa katika magari kama yale. Huenda tumekwisha cheka vilevile, maana kutoka juu ya gari mtu wa baiskeli huonekana kama kitu kilichoachwa njiani.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila dereva wa jeshi na wa polisi, kabla ya kukabidhiwa funguo, aendeshwe siku moja kwa baiskeli katika barabara yenye magari, naye akiwa amevaa kiraia. Hakuna somo la darasani litakalomweleza vizuri zaidi upana wa nafasi anayopaswa kumwachia mwananchi.

Kwa wale watakaokubali safari ya Entebbe, machache yafuatayo wayashike. Silaha ibaki ghalani na sare ibaki sandukuni. Picha karibu na uwanja wa ndege zisipigwe. Breki zijaribiwe mlimani kabla ya kuteremka, kengele na taa zifanye kazi, na kofia ngumu ivaliwe hata na anayeiona kuwa ni ya watoto. Mkiwa wengi, pandeni mkifuatana mmoja mmoja upande wa kushoto, na asiwepo wa kuwahimiza wengine. Jioni malizieni Nakiwogo, upande wa machweo, inakotia nanga feri ya Visiwa vya Ssese. Samaki wa kukaanga hupatikana, na lipeni bei mnayoambiwa.

Makamanda wa kambi na wakuu wa vituo vilivyo karibu na Kampala wanaweza kuanza na baiskeli kumi na Jumamosi moja ya mwezi. Pampu na viraka visisahauliwe, maana kutoka Kigungu hadi mjini ni mbali kwa mtu anayesukuma.