Mali Bila Daftari: Kwa Nini Uandike Nasaba Yako



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuifundisha pamoja na habari za duka, deni na faida. Leo naomba tuitumie kwa mali isiyouzwa sokoni, nayo ni majina ya watu waliokuzaa. Hoja yangu ni kwamba nasaba ni mali, kwamba sehemu yake kubwa imekwisha kuandikwa mahali fulani, na kwamba anayengoja siku ya shida ndipo aanze kuitafuta huwa amechelewa.

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kinakupa ngazi za kushukia: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Hayo ni maneno matano ya vizazi vitano. Sasa geuka upande ngazi hizo: mama yako, mama yake, na mama wa huyo. Wengi wenu hufika kwa jjajja, kama tunavyowaita wazee wetu hapa Kampala, kisha mkasimama. Si kwamba hamna mapenzi. Kawempe ni mji wa wapangaji. Mzazi mmoja ametoka Masaka, mwingine Gulu au Iganga. Jirani asili yake ni Kongo. Na wazee wamebaki mbali na vichochoro vya Bwaise na Kalerwe. Hadithi iliyokuwa ikisimuliwa uani jioni haikupata nafasi katika chumba kimoja cha kupanga.

Usidhani kwamba kabla ya karatasi hapakuwa na daftari. Katika Buganda, mtu aliyelelewa kwa desturi hufundishwa kujitambulisha kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha kupanda hadi mutuba, ssiga na ukoo wenyewe: Mbogo, Nkima, Mmamba, Ngeye na nyinginezo. Huo ni usajili wa mdomo, na mashahidi wake ni ukoo mzima. Hata jina lenyewe ni kumbukumbu. Ndugu wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, wala hawatumii jina moja la familia, lakini kila jina huonyesha ukoo. Wasswa na Kato ni pacha wa kiume, Babirye na Nakato ni wa kike, na Kizza ndiye anayewafuata. Mwanzoni mwa karne ya 20, Apolo Kaggwa, aliyekuwa Katikkiro wa Buganda, alizikusanya habari za koo hizo akazichapisha kwa Kiganda. Alitambua kwamba kinywa peke yake hakitoshi.

Pamoja na kinywa, kalamu ilikuwa imekwisha kuingia. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Wakatoliki wakawafuata mwaka 1879. Kila ubatizo na kila ndoa iliandikwa kitabuni. Vitabu vya ndoa vya Namirembe, vinavyoanzia mwaka 1895, vimewawezesha wanahistoria wa uchumi kulinganisha kazi za mabwana arusi na kazi za baba zao kwa zaidi ya karne moja. Mwandishi wa kitabu hicho hakuwa na nia ya kuandika historia ya jamii. Aliandika jina, tarehe na kazi, basi. Historia ikajiandika yenyewe.

Ukienda kutafuta katika vitabu hivyo, nenda na akili ya mwanafunzi wa lugha. Katika vitabu vya kale vya Kikatoliki unaweza kumkuta Yozefu wa nyumbani ameandikwa Josephus, na Yowana ameandikwa Joannes kwa Kilatini. Herufi za L na R hubadilishana kwa mkono wa mwandishi. Mzee aliyeitwa Ssalongo maisha yake yote hakubatizwa kwa jina hilo. Ni cheo cha baba wa pacha, na jina lake liko penginepo. Kumbuka pia kwamba sheria ya Kanisa Katoliki inataka ndoa ya mtu iandikwe pembeni mwa kumbukumbu ya ubatizo wake. Kwa hiyo mstari mmoja waweza kukuelekeza kwenye parokia nyingine, na huko ukampata mke wake na wakwe zake.

Kanisa si ghala pekee. Kwa familia za Kiislamu, hati za nikahi na kumbukumbu za msikiti hufanya kazi hiyo hiyo. Mapatano ya mwaka 1900 kati ya Buganda na Uingereza yalizaa ardhi ya mailo, na hati za mailo zikaandika nani alimiliki wapi na nani alimrithi. Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, iliandika habari za wagonjwa wake, na nyaraka hizo zimehifadhiwa katika maktaba yenye jina lake, Mulago, ndani ya tarafa yetu. Nyaraka za Taifa zilizokuwa Entebbe sasa ziko Wandegeya. Kutoka Kawempe unaweza kufika huko asubuhi ukarudi kabla ya chakula cha mchana.

Utaniuliza: mwalimu, haya yote yananihusu nini nami natafuta alama za mtihani? Yanakuhusu kwa sababu Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 10, inampa uraia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mmoja wa wazazi wake au wa babu na bibi zake ni wa jamii asilia zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na ambazo zimetajwa katika jedwali la Katiba. Soma tena: babu na bibi. Sheria imekwenda kugonga mlango wa mtu ambaye huenda humjui jina.

Wanubi wa Bombo, mji ulio mbele kwenye barabara ii hii ipitayo Kawempe, wanalijua jambo hili. Mababu zao wengi walikuwa askari wa Emin Pasha, ambao Lugard aliwaleta mwaka 1891. Katiba imewataja miongoni mwa jamii za Uganda. Ndugu zao wa Kenya walipata tabu nyingine: mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imezikiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya kuandikishwa wanapozaliwa na kupata uraia. Historia ni moja; tofauti ya maisha imetokana na nani aliandikwa wapi.

Mirathi nayo ni hivyo hivyo. Mzee akifariki, mjane na watoto wanaotaka mamlaka ya kusimamia mali yake huombwa cheti cha kifo. Lakini sisi twajua namna tunavyozika. Maiti husafirishwa kijijini, matanga huwekwa, na siku ya okwabya olumbe mrithi husimikwa mbele ya ukoo. Desturi imetimia, ila hakuna aliyekwenda kuandikisha. Tangu sheria ya mwaka 2015 ilipounda Mamlaka ya Kitaifa ya Utambulisho na Usajili, yaani NIRA, kazi ya kusajili vizazi na vifo iko mikononi mwake. Hata hivyo, vifo huandikishwa kwa uchache kuliko vizazi, kwa kuwa mtoto atadaiwa cheti shuleni, lakini marehemu hadaiwi kitu. Anayekuja kudaiwa ni mjane, na mara nyingi siku hiyo shemeji zake wamekwisha kufika kuangalia kiwanja.

Kuna wanaopinga, nao wasikilizwe. Wa kwanza husema kwamba karatasi ni jambo la wakoloni. Ni kweli kwamba madaftari mengi yaliandikwa na wenye nguvu kwa haja zao, na ndani yake mna pengo kubwa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waafrika kwa mamia ya maelfu walibebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza Afrika Mashariki. Jina la kikosi chao cha wapagazi ndilo lililotupa neno Kariakoo, kule Dar es Salaam na Nairobi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya waliokufa, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina. Mzungu aliyekufa alipata jiwe lenye jina; mpagazi akabaki hesabu. Lakini tazama funzo lake: udhalimu haukuwa katika kuandika, bali katika kutowaandika. Dawa ya daftari lililowaacha watu si kulichoma. Ni kuwaandika waliosalia.

Wa pili husema kwamba kufukua nasaba ni kufukua fitina: mtoto wa nje, mateka aliyeingizwa katika ukoo usio wake, bibi aliyefichwa. Hoja hii ni nzito zaidi, nami siikejeli. Si kila siri ya marehemu ni haki ya mjukuu kuitangaza. Andika, lakini chagua nani wa kumsomea. Hata hivyo, siri isiyoandikwa haifi. Hungoja siku ya mirathi, ikatoka ikiwa ugomvi.

Wa tatu husema kwamba tunayo kichwani, yatosha. Kichwa huzikwa. Karatasi nayo huungua: makaburi ya wafalme Kasubi yaliteketea tarehe 16 Machi 2010, na jengo kuu la Makerere liliungua usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020. Kwa hiyo nakala moja si kinga. Weka moja kwa shangazi, moja kwako, na picha yake katika simu.

Serikali nayo ina deni kwetu. Hospitali ya Kawempe ni kati ya hospitali zinazozalisha watoto wengi mno nchini. Mama anayetoka pale na mtoto mgongoni asiambiwe aende ofisi nyingine, siku nyingine, kwa nauli nyingine. Mtoto aandikishwe kabla hajavuka lango. Na mwenyekiti wa kijiji anayeandika barua ya maziko awe na wajibu wa kupeleka taarifa ya kifo kwa msajili. Hayo si makubwa. Ni kuunganisha tu kazi zinazofanyika tayari.

Sehemu yako ni hii. Likizo ijayo, chukua daftari la kurasa 48, keti na mzee mmoja. Usimwulize alizaliwa mwaka gani, maana huenda hajui. Muulize Kabaka alikuwa nani, kama alikuwa amekwisha kuanza kutembea Muteesa II aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1955, kama alikuwa na mtoto siku ya uhuru, 9 Oktoba 1962. Mwaka utajitokeza wenyewe. Andika majina yote ya kila mtu: la ukoo, la dini, la utani. Andika kijiji, parokia au msikiti. Uliza upande wa mama kwa bidii ile ile, kwa sababu wanawake ndio walioandikwa kwa uchache katika hati za mailo. Kisha andika habari hizo kwa Kiswahili sanifu, ukitumia maneno yale matano tuliyoanza nayo.

Utakapomaliza, jina lako litakuwa chini kabisa ya ukurasa. Acha nafasi chini yake.