Muhuri bila daftari ni wino tu

Wasomaji wangu, leo nataka kuongea kuhusu mihuri. Usifunge ukurasa, kompyuta zinakuja.

Ukitaka cheti cha kuzaliwa, cha ndoa au cha shule kikubalike nchi nyingine, njia ya zamani ni ndefu: wakili athibitishe, wizara igonge muhuri wake, kisha ubalozi wa nchi unakokipeleka nao ugonge wake. Kila dirisha na ada yake.

Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 ulifupisha safari hiyo. Ofisi moja ya nchi iliyotoa cheti inabandika apostili, yaani hati ya mraba yenye sehemu 10 za kujazwa, na nchi nyingine mwanachama inakipokea bila kuuliza ubalozi. Jirani zetu Burundi walianza kuitumia mwaka 2015, na Rwanda tarehe 5 Juni 2024.

Wengi huusifu mraba huo. Mimi mwandishi wa programu nakipenda kifungu cha 7. Kinaitaka ofisi iweke daftari: namba ya apostili, tarehe yake, na jina la aliyetia sahihi cheti. Mwenye haja akiuliza, ajibiwe kama yanalingana. Jamani, hiyo ni hifadhidata, na intaneti ilikuwa bado kuzaliwa! Tangu 2006 kuna mpango wa kuliweka daftari hilo kwenye tovuti.

Maoni yangu ni haya: serikali inayotaka stakabadhi zake ziaminike ianze na daftari la wazi, muhuri ufuate. Nembo yoyote inaweza kuigwa kwa printa nzuri, lakini rekodi ya ofisi haiigwi kwa printa. Tena mkataba unamruhusu mwanachama wa zamani kumpinga mgeni, na hapo apostili haitumiki kati yao. Serikali zikikosa kuaminiana, anayeumia ni kijana aliyepata nafasi chuoni huku siku za kujisajili zikiyoyoma.

Chunga mambo mawili. Apostili inathibitisha sahihi, cheo na muhuri, si ukweli wa yaliyoandikwa ndani. Na msimbo wa QR unaweza kukupeleka kwenye tovuti bandia, kwa hivyo andika mwenyewe anwani ya ofisi husika.

Kutengeneza jedwali la namba, tarehe na majina si kazi ngumu. Kazi ni kulilinda, na kukubali raia alichungulie. Wewe waonaje?