Mkataba si Karatasi

Mwanafunzi wa Kiswahili hupotoshwa na neno lenyewe. Mkataba ni ndugu wa kitabu, katibu na maktaba. Shina lao la Kiarabu ni la kuandika. Basi hudhani kwamba pasipo karatasi hapana mkataba, na penye karatasi mkataba upo. Yote mawili ni makosa, na hapa Kabezi hilo la pili ndilo linaloumiza watu.

Sheria ya mikataba ya Burundi, iliyorithiwa kutoka dekreti ya Kongo ya tarehe 30 Julai 1888, yadai mambo manne: ridhaa ya anayejifunga, uwezo wake wa kujifunga, jambo mahususi linaloahidiwa, na sababu halali. Karatasi haimo. Naam, yapo makubaliano yanayodaiwa maandishi, mathalani ya ardhi iliyosajiliwa, na mbele ya hakimu maandishi ni ushahidi mzito. Lakini cheti cha kuzaliwa hakizai mtoto. Mvuvi akitaja bei ya beseni la ndagala alfajiri, na mama mchuuzi akajibu "nimekubali", wameshauziana, hata kabla faranga hazijahesabiwa.

Sasa mtazame mvuvi huyo huyo injini yake inapokufa. Huja tajiri na mkopo, na karatasi ya Kifaransa. "Tia kidole hapa." Ndani imeandikwa kwamba samaki wote wa msimu atauziwa yeye peke yake, kwa bei atakayoipanga yeye mwenyewe baadaye. Huo ni uuzaji gani? Bei isiyokubaliwa na wawili si bei, ni amri.

Watetezi wa karatasi husema: "Nani alimshika mkono?" Swali hilo ni la kijanja. Ridhaa iliyotolewa kwa nguvu, kwa hila au kwa kukosea si ridhaa halali. Hata huko Tanzania, mashariki mwa ziwa letu, sheria ya mikataba yataka ridhaa iliyo huru. Hata hivyo nisiwadanganye: kutojua kusoma peke yake hakufuti alama ya kidole. Anayedai kwamba alilaghaiwa ndiye atakayetakiwa kuthibitisha, naye hana wakili, hana nakala, na shahidi aliyekuwapo ni msomi mmoja aliyetia sahihi haraka akaenda zake.

Msomi huyo mara nyingi ni sisi walimu. Huitwa kwa sababu tunajua Kifaransa, kisha tukakitumia kwa kunyamaza. Mimi niliwahi kushuhudia karatasi ya namna hiyo bila kuisoma kwa sauti, wala kwa Kirundi wala kwa Kiswahili. Mwenye fedha alinishukuru sana. Yule aliyetia kidole tulifuatana njiani, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, pale imeandikwaje?"